Snokeli na kuzamia mwambani ukitokea ufukweni: mwongozo kamili kwa asiye na boti

Watu wengi wakitaka kwenda kuona matumbawe wanawaza boti kwanza, wakati miamba mingi mizuri iko karibu kabisa na ufukwe, unavaa vifaa vyako unaingia na miguu yako. Kule Bonaire kwenye bahari ya Karibi ndo utaratibu wa kawaida, wazamiaji wanaenda na gari kando ya bahari mpaka waone jiwe lililopakwa rangi ya njano linaloonesha sehemu ya kuingilia, wanavaa, wanaingia. Raha yake ni kwamba hakuna anayekuharakisha. Ila uhuru huo una kazi yake, maana kwenye boti kuna nahodha anayekuangalia na ngazi ya kupandia, ukitokea ufukweni nahodha ni wewe mwenyewe.

Ndo maana humu nitang'ang'ania sana kuingia na kutoka. Watu wengi wanaumia kwenye zile mita chache za mawimbi na mawe, au wanaishiwa nguvu wakati wa kurudi, huko kwenye matumbawe kwenyewe kukiwa shwari kabisa. Kwa hiyo kila utakachoamua, siku gani, saa ngapi, uvae nini, ugeuze wapi, jiulize kwanza: nitatokea wapi, na maji yatakuwaje saa hiyo?

Kabla ya yote, uwezo wako. Kozi ya mwanzo ya PADI, shirika linalofundisha kuzamia, inataka mtu aogelee mita 200 bila kusimama na aelee dakika 10, na mimi nasema hata wa snokeli tu, yaani anayeelea juu na bomba la kupumulia, ajipime kwa kipimo hichohicho, bila fini (yale mapezi ya kuvaa miguuni) na bila jaketi la kuelea. Kama hujafika hapo baki maji ya kifuani ujifunze, hakuna aibu. Na kuzamia na mtungi wa hewa bila kozi usijaribu hata kama rafiki yako anajua na anakwambia atakuelekeza.

Kuchagua siku na saa

Anza na jedwali la maji kujaa na kupwa la eneo unaloenda. Sehemu nyingi maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, toka kujaa mpaka kupwa ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo saa uliyoingia vizuri juzi leo sio yenyewe. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana na mikondo inakuwa na nguvu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo na mikondo imetulia, kwa anayeanza chagua siku za maji mafu.

Halafu kuna hesabu ya kumi na mbili ambayo kila mtu wa bahari anatakiwa aijue, unagawa tofauti ya kujaa na kupwa mafungu kumi na mbili. Maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Tuseme tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3, saa ya kwanza yanashuka sentimita 25 tu, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, ya tano 50, ya sita 25. Hizo saa mbili za katikati ndo mkondo una kasi kuliko wakati wote, na ndo watu wanashangaa mbona nimepiga fini nusu saa bado niko palepale.

Kwa miamba mingi yenye uwanda mpana wa maji mafupi kabla ya kufika kwenye mteremko, muda mzuri ni kuingia kama saa moja kabla maji hayajajaa kabisa na kutoka kabla hayajaanza kukimbia. Ukichelewa vitu viwili vinakukuta pamoja: maji yote ya ule uwanda yanatoka nje kupitia milango michache kwenye mwamba na yanakuvuta nayo, na hapo ulipopita ukielea wakati wa kwenda sasa pana kina cha goti, pamejaa matumbawe na miiba.

Upepo, angalia unavuma toka wapi. Unaotoka baharini unaleta mawimbi, hilo unaliona. Unaotoka nchi kavu ndo unadanganya, maana ufukweni maji yanakuwa shwari kama kioo kumbe unakusukuma nje taratibu na wewe umeinamisha uso chini hujui. Sehemu nyingi asubuhi upepo ni mdogo. Mvua kubwa ikinyesha subiri siku moja mbili, maji ya mito na mitaro yanaleta tope na uchafu, huoni kitu na unaweza kuugua.

Kusoma maji kabla ya kulowa

Ukifika usivae kitu. Kaa sehemu ya juu kidogo uangalie bahari dakika 20 kamili. Mawimbi yanakuja kwa makundi, yanapita madogo madogo halafu yanakuja makubwa matatu manne matano, halafu yanatulia tena, na mtu aliyeangalia dakika mbili tu anakuwa ameona utulivu hajaona kundi lenyewe. Hesabu dakika kati ya kundi na kundi, hiyo ndo nafasi yako ya kupita.

Kisha angalia sehemu ambapo mawimbi hayavunjiki. Ukiona ukanda wa maji meusi kidogo kati ya povu kulia na povu kushoto, uso wake umekunjamana na povu au majani yanaelekea nje, huo ni mkondo unaotoa maji. Anayeanza asiingilie hapo. Tupa kijiti majini uone kinakwenda upande gani na kwa kasi gani, ni njia rahisi na haidanganyi.

Sasa chagua pa kutokea. Sehemu mbili, sio moja: pa kwanza, na pa akiba upande ambao mkondo unaelekea. Kila sehemu itafutie alama mbili nchi kavu, moja ya mbele na moja ya nyuma, mfano mti na paa la nyumba, ambazo ukiwa baharini zikikaa mstari mmoja unajua uko mbele yake sawasawa. Geuka uziangalie vizuri maana ukiwa kwenye maji, kichwa kiko sentimita 20 juu ya bahari, ufukwe unaonekana tofauti kabisa. Na mwambie mtu anayebaki nchi kavu unaingia saa ngapi na utatoka saa ngapi, na asipokuona ampigie nani.

Vifaa

Maski ndo kitu cha kutumia muda dukani kuliko vyote. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kidogo na pua, achia mikono, kama imebaki imeshika ni yako, kama inadondoka au unasikia hewa inapita acha hata kama ni nzuri vipi. Hakikisha pua iko ndani ya maski, miwani ya kuogelea ya bwawani haifai kuzamia maana huwezi kusawazisha presha machoni. Maski mpya ina utando wa kiwandani unaoifanya iweke ukungu, sugua kioo kwa ndani na dawa ya meno nyeupe mara kadhaa uoshe, halafu kila unapoingia tema mate, pakaza, suuza kidogo tu. Nywele zikiwa chini ya mpira maji yataingia, na sharubu pia.

Snokeli iwe ya kawaida ya urefu kama sentimita 40. Usidhani ndefu zaidi ni bora, ukiirefusha unavuta tena hewa ileile uliyotoa, na presha ya maji inabana kifua ushindwe kuvuta. Zile maski za kufunika uso mzima sizipendekezi kwa kutokea ufukweni, ukipata shida huwezi kuzitema kama unavyotema snokeli, na huwezi kuziba pua kusawazisha masikio.

Fini za kisigino wazi pamoja na buti zenye soli ngumu, hapa usibane matumizi, maana miguu ndo inapita kwenye mawe. Juu vaa nguo ya kubana ya mikono mirefu au wetisuti (suti ya mpira ya kuzamia) hata kama maji ya vuguvugu, maji yanaondoa joto mwilini zaidi ya mara 20 kuliko hewa, saa moja ndani utaanza kutetemeka. Na nguo inakupunguzia losheni ya jua. Hawaii na Palau wamepiga marufuku kuuza losheni zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya kulinda matumbawe, Palau toka 2020 na Hawaii toka 2021, kwa hiyo soma kopo na utafute ya zinki, au jifunike tu.

Boya la rangi kali lenye kamba, nalo ni lazima. Dereva wa boti haoni kichwa cha mtu majini. Boya linakusaidia kuonekana na ukichoka unalishika.

Kuingia

Mchanga wenye mawimbi madogo: nenda mpaka maji ya kiunoni fini mkononi, shikana bega na mwenzako, vaa mmoja mmoja, halafu lala kifudifudi uanze kupiga. Usitembee na fini kwenda mbele, utajikwaa, tembea kinyumenyume au kiubavu huku ukiburuza nyayo. Kuburuza kuna faida nyingine, samaki aina ya taa wanajificha chini ya mchanga na akikanyagwa anachoma na mwiba wa mkia, akisikia mchanga unatikisika anaondoka mwenyewe.

Mawimbi yakiwa makubwa kidogo vaa kila kitu nchi kavu kabisa, maski usoni, snokeli au regyuleta (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi) mdomoni, subiri kundi la makubwa lipite, halafu ingia bila kusita. Wimbi likija simama kiubavu, kunja magoti kidogo, mkono mmoja ushike maski, liache lipite, songa linapovuta kwenda nje. Sehemu ya kusimama kupumzika sio hapo kwenye povu, ni nje yake. Ukianguka usipigane kusimama, tambaa au anza kuogelea. Na kama umefika ukaona mawimbi yanakuzidi, rudi nyumbani, mwamba haukimbii.

Ukishapita tu simama. Pumua dakika mbili, angalia mwenzako, angalia alama zako, sikia mkondo. Halafu anza safari kwa kwenda kinyume na mkondo, ili wakati wa kurudi umechoka uwe unasukumwa kuelekea pa kutokea.

Ukiwa juu ya mwamba

Pumua taratibu na kwa kina. Maji yakiingia kwenye snokeli puliza kwa nguvu mara moja, "pfuu", basi. Piga fini toka kwenye nyonga, sio magotini. Kila dakika mbili hivi inua kichwa: mwenzako yuko wapi, alama ziko mstari, boti zipo? Ndani ya maji vitu vinaonekana vikubwa kwa kama theluthi moja na viko karibu kuliko ukweli, kwa hiyo usiamini macho kukadiria umbali wa tumbawe na tumbo lako, acha nafasi kubwa. Maji yakiwa mafupi kuliko mita moja na nusu usipite juu yake, zunguka.

Usiguse wala kusimama juu ya matumbawe, hili naliomba kwa moyo wote. Lile "jiwe" ni maelfu ya wanyama wadogo wenye ngozi laini mno, ndani yao wanaishi mwani wanaowapa chakula na rangi. Yale ya mviringo yanakua milimita chache tu mpaka sentimita moja mbili kwa mwaka, kwa hiyo la ukubwa wa meza limeanza kabla hujazaliwa, na fini moja inatosha kulivunja. Ukihitaji kurekebisha maski elea, ndo kazi ya boya.

Baada ya hapo tulia sehemu moja. Wengi wanakimbia mita 300 wanasema hawajaona kitu. Elea juu ya kichaka kimoja cha tumbawe dakika tano, wale samaki waliojificha wanaanza kutoka, utasikia pono anavyokwangua mwamba na meno, kra kra, halafu anatoa wingu la mchanga mweupe kwa nyuma. Ni mwamba uliosagwa huo, na fukwe nyingi nyeupe za matumbawe zimepata sehemu ya mchanga wake hivyohivyo.

Ukitaka kushuka chini kwa pumzi, sawazisha masikio toka mita ya kwanza, ziba pua pulizia kidogo, na kila baada ya nusu mita tena. Ikiuma panda juu, usilazimishe. Na usipumue harakaharaka mara nyingi kabla ya kushuka ukidhani unajaza hewa. Unachofanya ni kutoa kabonidayoksaidi, ambayo ndo inayokupa hamu ya kupumua, oksijeni inaisha bila onyo na mtu anazimia kimyakimya karibu na juu. Waogeleaji hodari wamekufa hivi. Mmoja anashuka, mwingine anabaki juu anamwangalia mpaka apumue vizuri kwa nusu dakika.

Ukibanwa pumzi ghafla bila sababu, au unakohoa povu, usisubiri ipite. Geuka chali, toa snokeli, shika boya, toa ishara, toka majini. Wenye presha na ugonjwa wa moyo waongee na daktari kabla.

Kwa wenye mtungi

Nazungumza na waliosoma kozi, kwa hiyo naenda haraka. Uzito pima kwenye maji ya kina cha kichwa: jaketi la kuelea likiwa halina hewa, pumzi ya kawaida, maji yafike usawa wa macho. Mtungi ukiwa umejaa ongeza kama kilo 2, maana hewa yenyewe ina uzito na ukiisha utaelea, na mwisho wa kuzamia ufukweni uko kwenye maji mafupi ambako kuelea ovyo kunakupeleka juu ya mawe.

Hewa ipigie hesabu. Mtungi wa lita 12 wenye presha ya bar 200 una lita 2400 za hewa. Kama juu unatumia lita 20 kwa dakika, mita 10 chini presha ni mara mbili, unatumia 40. Toa akiba ya bar 50, zinabaki lita 1800, ni dakika 45. Nusu ya hizo ni bar 75, kwa hiyo geuza ukiona bar 125, na kama mkondo upo geuza mapema zaidi. Akiba yako sio ya kuangalia samaki, ni ya kupita kwenye mawimbi na regyuleta mdomoni.

Dira: piga mwelekeo toka ufukweni kabla hujazama, mfano nyuzi 90 kwenda, 270 kurudi. Njia rahisi ni kushuka mpaka kina ulichopanga, fuata mteremko mwamba ukiwa bega la kulia, ukigeuza uwe la kushoto, na urudi kwa kina kifupi zaidi. Panda usizidi mita 9 kwa dakika, simama mita 5 kwa dakika 3, na usizuie pumzi kamwe. Ufukweni kituo hiki ni raha tupu maana unakifanya huku unaangalia mwamba.

Wanaochoma na wanaouma

Karibu wote wanajitetea tu. Samaki jiwe anafanana na mwamba, ndo sababu nyingine ya buti na kutoshika kitu. Akikuchoma yeye, samaki simba, au taa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, dakika 30 mpaka 90, mtu mwingine apime joto kwa mkono wake maana wewe kiungo kimekufa ganzi, kisha hospitali. Konokono wa umbo la pia mwenye ganda zuri la madoa usimwokote hata kidogo, sumu yake inaua, na dawa yake ni kufunga bandeji ya kubana, kumtuliza mtu asitembee na kumkimbiza hospitali. Mkunga usitie mkono kwenye shimo lake.

Samaki kikande mkubwa anayelinda mayai yake kwenye mchanga ana tabia moja ya kujua. Eneo lake linapanuka kadiri unavyokwenda juu, kwa hiyo ukikimbilia juu bado uko ndani yake na anakufuata. Ondoka kwa ubavu, ukiwa umemgeuzia fini.

Kutoka

Simama nje ya mawimbi, angalia alama zako zikae mstari. Hesabu kundi tena kama ulivyofanya asubuhi. Maski ibaki usoni, snokeli au regyuleta ibaki mdomoni, mwenzako awe pembeni sio nyuma yako ili wimbi lisimtupe juu yako. La mwisho kubwa likipita, lifuate kwa nyuma na upige fini mpaka mikono iguse mchanga, usisimame kwenye kina cha kiunoni ukaanza kuvua fini, tambaa kabisa mpaka maji yaishe. Kwenye mawe acha wimbi likuinue, shika, lisubiri lirudi, panda kabla jingine halijaja.

Kama bahari imebadilika, usilazimishe pa kwanza. Nenda pa akiba. Ukivutwa na mkondo wa kwenda nje usishindane nao, elea, kata kwa pembeni sambamba na ufukwe mpaka mvuto uishe, halafu rudi upande ambao mawimbi yanavunjika. Kupunga mkono majini maana yake ni nisaidieni, kwa hiyo usimpungie mtu kumsalimia, weka ngumi utosini kuonesha uko salama.

Nchi kavu suuza vifaa na maji yasiyo na chumvi, kila mkwaruzo wa tumbawe usugue na sabuni hata kama ni mdogo maana vipande vinabaki ndani na kidonda kinaoza, kunywa maji. Waliozamia na mtungi wasipande ndege kwa saa 12 kama walizama mara moja, na saa 18 kama walizama zaidi ya mara moja au siku mfululizo. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida baada ya kuzamia ni hospitali na oksijeni hapohapo, na waambie wazi kwamba ulizamia, saa ngapi na kina gani.